Kamba ya Jumamosi

Macho yangu yamechoka kabla ya miguu, ndiyo sababu naondoka. Sista wetu mpya aliniambia nipumzike, nami sikubishana naye, maana mwezi uliopita nilimpa mtoto mmoja alama za jirani yake na wote wawili wakanyamaza. Nyinyi monitrisi wadogo, walimu wenzangu, mliniomba niwaachie maneno machache ya kazi. Nadhani mlitaka kujua chaki inashikwaje isivunjike. Ishikeni karibu na ncha. Hilo nimekwisha kusema. Lakini liko jambo jingine ambalo limeninyima raha miaka kumi na mitatu, na sipendi kulibeba kwenda nalo nyumbani.

Nilifika hapa Kasongo, kwenye shule hii ya wasichana, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka upande wa Kabambare kwa miguu, siku nne, sanduku kichwani na viatu mkononi. Viatu nilivivaa mtoni, chini ya misheni, ili nisije nikaonekana mshamba, nikaingia uani nikichechemea. Sista Godeliva, mkuu wa shule wakati ule, alinitazama miguu, akanipa darasa la pili, na kabla sijamaliza kushukuru akanipa pia ufunguo wa nyumba ya kufulia. Nilidhani ni heshima. Ilikuwa kazi ya pili.

Wasichana wa bweni walikuwa kama arobaini. Kila mmoja alikuwa na namba yake, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye gauni, kwenye blanketi, na kwenye vipande sita vya amerikani alivyopewa kwa siku zake za mwezi. Nyuma ya nyumba ya kufulia palikuwa na ua wa matete, mwanaume hakanyagi, na ndani ya ua kamba ndefu. Aliyekuwa katika siku zake alifua vitambaa vyake vyote sita na kuvianika Jumamosi. Mimi nilipita na daftari, nikasoma namba, nikatia alama. Msichana ambaye namba yake haikuonekana miezi miwili mfululizo, nilimwambia Sista, na Sista alimrudisha kwao. Daktari hakuulizwa. Muuguzi wa dispensari alikuwa mwanaume, na Sista hakutaka hata kusikia habari hiyo. Alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Kamba haisemi uongo."

Mtacheka, nyinyi wa siku hizi. Lakini mnajua desturi ya kwetu. Mama hazungumzi na binti yake mambo ya mwili. Anayezungumza ni shangazi, au bibi, huko nyuma ya jiko, kwa sauti ndogo. Hapa shuleni shangazi hakuwako. Mimi niliitwa Mama Monitrisi, wapishi waliitwa mama, hata Sista aliitwa mama. Sote tulikuwa mama, na mama haulizi. Basi tukaiachia kamba iulize kwa niaba yetu.

Aliyenifundisha kazi ya kufulia ni Mama Ursula, mjane, mzaliwa wa mjini katika jamaa za Kiislamu, ambaye alibatizwa kwa ajili ya mume na mume akafa mwaka uliofuata. Alikuwa na ulimi mkali na mikono mizuri. Alinifundisha kupima moto wa pasi kwa tone la mate, kuanika amerikani juani kabisa maana kivulini inaota ukungu, na kushona namba kwa kurudi nyuma kila hatua ili isifumuke. Kazi yake siku ya Jumamosi ilikuwa kuangalia maji ya ndoo, kwa sababu msichana mjanja angeweza kulowesha vitambaa safi na kuvianika. Mama Ursula hakujua kusoma namba. Mimi nilisoma namba, lakini ndoo sikuziangalia, nikiona ni kazi isiyofaa kwa mwalimu. Yeye aliona maji, mimi niliona uzi. Kumbukeni hapo, maana ndipo tulipopotea.

Kamba hakuipenda. "Mwanangu," aliniambia mwaka wa kwanza, "kamba iko na mdomo? Kuuliza si ujinga." Nilimwona mtu wa kale.

Miaka ile ya mwanzo waliondoka wasichana watatu kwa kamba hiyo, na mara zote tatu kamba ilikuwa na haki. Iliendelea namna moja. Asubuhi msichana aliitwa ofisini katikati ya somo. Hakurudi darasani. Mwenzake alitumwa kufunga sanduku lake, na adhuhuri mlinzi alimsindikiza njiani. Jioni wale wengine walisogea kwenye benchi, na nafasi ikajaa. Mmoja wao alipata mimba ya karani wa pamba. Jumapili iliyofuata nilimwona karani kanisani, shati limepigwa pasi, akiimba sauti ya pili. Kwa wanaume hakuna kamba.

Nilihuzunika, sisemi uongo. Lakini niliona ndivyo kazi ilivyo, nikatia alama zangu.

Sasa nifike kwenye mwaka ule, wa pili tangu vita vya Wazungu kwisha. Habari ilikuja kwamba shule ya wazalishaji, mbali, kule mkoa mwingine, itapokea wasichana wawili kutoka kwetu wakishinda mtihani. Hatukuwahi kupata nafasi kama hiyo. Kabla ya hapo msichana akimaliza hapa aliolewa, au alibaki kufundisha watoto kama mimi, na kama mimi ina maana bila kuolewa. Mzalishaji ni kitu kingine. Angevaa nguo nyeupe, angekuwa na mkoba wake wa vyombo, na wanaume wenye mvi wangempisha mlangoni.

Waliofaa walikuwa wawili, na hapakuwa na shaka. Feza alikuwa mtoto wa katekista wa Wamaza, mrefu, mkimya, mwenye hati nzuri. Adela alitoka Lusangi, mtoto wa mjane mkulima wa karanga, mfupi, mcheshi, na kwa hesabu sikupata kuona mfano wake. Nilimwandikia hesabu ubaoni, naye alikuwa na jibu kabla sijageuka. Walikula sahani moja na kulala mikeka ya jirani. Namba ya Feza ilikuwa kumi na saba, ya Adela ishirini na mbili.

Mwezi mmoja wa mvua niliona kumi na saba haikuanikwa. Nikasema moyoni, mwezi mmoja si kitu. Lakini tangu siku ile nikaanza kumtazama, na mtu akitazama kwa wasiwasi haoni ila wasiwasi wake. Nilimwona Feza ananunua udongo mweupe kwa mama mmoja sokoni, ule ambao wajawazito wanapenda kuutafuna. Nilimwona anatapika nyuma ya darasa. Alikuwa na homa, alikunywa kwinini, kila mtu alijua, hata mimi nilijua. Nikajisemea homa ni kisingizio. Usiku sikulala vizuri, chakula kikanishinda. Nilihesabu Jumamosi zilizobaki kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mara mbili nilimwita pembeni nimwulize, na mara mbili nilimuuliza kama amemaliza kufuma soksi.

Mwezi wa pili ukapita. Nilisimama mbele ya kamba Jumamosi ya mwisho, nikapita na daftari kwenda na kurudi, nikapapasa kila kitambaa kwa mkono. Kumi na saba haikuwako. Nikaenda ofisini.

Sista alimwita mbele yangu. Alimwuliza kama ana mimba. Feza alisema hapana. Sista akamwuliza, basi vitambaa vyako viko wapi miezi miwili hii? Hapo Feza alinyamaza. Alitazama chini, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama tena chini. Sista aliuliza mara tatu. Kunyamaza kwake kulimtosha Sista, na kwangu pia kulitosha, Mungu anisamehe. Barua ikaandikwa kwa baba yake.

Sanduku lake nilimfungia mwenyewe, maana sikutaka kumtuma Adela. Feza alisimama mlangoni amejitanda kikwembe, bado anatetemeka na homa. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu.

"Mama Monitrisi, mbona wewe hukuniuliza?"

Nilimwambia ameulizwa na Sista, mara tatu.

"Sista, ndiyo," akasema. "Wewe."

Akaenda. Neno hilo lilinikera kwanza. Nililiona kama ukosefu wa adabu. Halafu likaanza kunitafuna.

Adela tangu siku hiyo aliacha kucheka. Hesabu zake zilikuwa sawa kama kawaida, lakini alikuwa anaandika jibu na kubaki ameshika kalamu. Nikasema anamlilia mwenzake. Zilipofika Jumamosi za mwezi uliofuata, nilisoma kamba na daftari mkononi, na safari hii haikuonekana ishirini na mbili. Nikafungua ukurasa wa nyuma. Mwezi uliotangulia, ule niliomfukuza Feza, ishirini na mbili pia haikuwa na alama. Sikuwa nimeliona. Nilikuwa natafuta namba moja tu.

Nilisimama pale uani mpaka Mama Ursula akaja kuniuliza kama naumwa. Kanuni ilisema niende ofisini. Sikwenda, nikakaa na jambo hilo mpaka Alhamisi. Nikamwita Adela, nikamkalisha kwenye gogo la kufulia, nikafunga mlango wa matete. Mama Ursula nilimwomba abaki, maana peke yangu nisingeweza. Nikamuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza mtoto wa mtu neno hilo.

Adela alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa anangoja zamu yake. Ndiyo, alikuwa na mimba, na alimtaja karani wa pamba, yule yule mwimbaji wa sauti ya pili. Feza hakuwa na kitu, hata udongo mweupe alimnunulia yeye. Mpango ulikuwa wa Adela mwenyewe. Kanuni inasema miezi miwili mfululizo, basi mwezi mmoja Feza angetumia vitambaa vya namba yake, na mwezi mmoja angetumia vya Adela, wakipokezana. Adela angeleta ndoo mwenyewe. Mama Ursula angeona maji, mimi ningeona namba, na hakuna jina ambalo lingekosekana mara mbili. Mtihani ungefika kabla ya tumbo kuonekana.

"Mwezi wa kwanza Feza alinipa mimi," akasema. "Wa pili ilikuwa zamu yake. Homa ikamushika, damu haikuja. Hesabu ilikuwa sawa, Mama. Ni homa."

Mama Ursula alikaa chini. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia, kwamba tangu mwanzo aliona wale wawili wanasimama pamoja kwenye ndoo moja, lakini hakuna aliyemuuliza.

Nikaona nilivyobanwa. Nikinyamaza, Adela anafika mtihani, labda, na Feza amepotea bure. Nikisema, Feza anaweza kurudi, na Adela anaondoka leo. Mtihani ulikuwa baada ya siku kumi na sita. Nilitaka mtu mwingine aamue. Adela ndiye aliyeamua. Aliinuka, akajikung'uta, akasema twende ofisini, Feza asiozee Wamaza kwa ajili yake.

Sista Godeliva alisikiliza amesimama. Alikuwa mtu mgumu lakini si mbaya, na niliona uso wake umebadilika rangi. Alisema yule wa Lusangi aondoke siku hiyo. Yule wa Wamaza, nikimfikisha kabla ya mtihani, atakaa kwenye benchi yake. Nikaomba barua ya kumwonyesha baba yake. Alikataa. Alisema shule haiandiki kwamba imekosa, wazazi wote wangeanza kudai barua. Kisha akaingia ndani, akatoka na kwinini yake mwenyewe na mwavuli wake, akanipa. Kumwombea Adela akae mtihani kwanza, sikumwombea. Siku kumi na sita tu, na tumbo halijaonekana bado. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nikaimeza. Niliogopa kupoteza na ile ruhusa ya Feza.

Tulipanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu kuelekea Kabambare, mimi na Adela nyuma juu ya magunia. Njia nzima mvua. Adela alishika mwavuli wa Sista na kunifunika mimi, mkubwa wake. Karibu na Lusangi aliniuliza kama maswali ya mtihani wanaruhusiwa kuyatoa nje baada ya kumaliza. Nikasema labda. Akaniomba nimtumie, na dereva wa lori anamfahamu mama yake.

"Nataka tu nione kama ningeshinda," akasema.

Mama yake alikuwa shambani, anapalilia karanga karibu na barabara. Aliona sanduku kwanza, halafu mwanawe. Hakuuliza kitu. Aliweka jembe chini, akakaa juu ya tuta, na kanga zake zikaloa matope. Nilitafuta maneno, nikamwambia mtoto wako ana akili nyingi sana. Hilo tu. Dereva alipiga honi, nikapanda.

Wamaza nilifika kesho yake jioni, sehemu ya mwisho kwa miguu, Ijumaa. Nilikuta baba yake Feza, katekista, amekaa nje ya nyumba badala ya kuwa kanisani akifundisha. Tangu binti yake arudishwe, padri wa kupitia alikuwa amemsimamisha, na mtu mwingine ndiye aliyegonga kengele. Kwenye zizi lake palikuwa na mbuzi watatu wageni. Kapita wa pamba, msimamizi wa wakulima, mjane mwenye watoto wakubwa kuliko Feza, alikuwa amejitolea kumwoa hivyo hivyo na mimba yake, na watu walimsifu kwa huruma. Mbuzi walikuwa wanne. Mmoja walikwisha kumla siku ya maongezi. Feza angechukuliwa Jumatatu.

Bibi yake Feza ndiye aliyenipokea na kuniletea maji. Alinieleza kwa utulivu kwamba siku ya nne baada ya mtoto kufika, wanawake wa nyumba walijua hana mimba. Mwili wenyewe ulisema. Shangazi mtu alimwambia baba. Baba akajibu kwamba karatasi ya misheni haiwezi kukosea.

"Tulisema," bibi akaniambia. "Lakini sisi hatuna karatasi."

Nilimwambia katekista kosa lilikuwa letu. Alinisikiliza kwa heshima, akaamuru niletewe ugali na sombe, kisha akanyoosha mkono apokee barua. Nikamwambia barua hakuna. Mkono ulibaki hapo, wazi.

"Mama Monitrisi," akasema, "jina langu lilianguka mbele ya watu. Mimi siwezi kuliokota ndani ya nyumba."

Alitaka niseme Jumapili, baada ya sala, mbele ya wote. Sasa fikirini. Mambo ambayo mama hamwambii binti yake, mimi nikayaseme mbele ya kapita, wazee, padri akiwepo, na vijana waliokaa ukutani. Jumamosi nzima sikutoka uani. Nilitafuta maneno ya kuzunguka na sikupata, maana kila neno la kuzunguka lilimwacha Feza na doa. Bibi yake alikuja kukaa nami, akachambua mchele, hakunishauri. Nilishukuru.

Jumapili, padri hakufika, mvua ilimzuia. Hiyo ilikuwa rehema ndogo. Nilisimama mlangoni mwa kanisa la udongo watu wakitoka, nikawaomba wangoje. Nilisema mimi ni mwalimu wa Kasongo. Nilisema shuleni tunahesabu vitambaa vya wasichana, na nikataja ni vitambaa gani. Wanaume waliinamisha vichwa wakatazama miguu yao. Mzee mmoja aliondoka kabisa. Nilisema Feza alitumia vya mwenzake ili kumficha, akaugua homa, na mimi nikamhesabia mimba ambayo hana. Nikashika mti wa mlango.

"Kosa si la Sista, wala si la mutoto," nikasema. "Ni langu. Nilikuwa na mudomo, sikuuliza."

Kisha shangazi yake Feza akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Wanawake tulijua." Na mwanamke mwingine akasema tulijua, na mwingine. Kapita alikuja Jumapili hiyo hiyo kuchukua mbuzi wake watatu. Yule wa nne hakuna aliyemtaja, maana kapita mwenyewe ndiye aliyekula paja.

Feza alitembea mbele yangu njia yote ya kurudi. Hakuniambia neno mpaka tulipovuka mto wa mwisho, siku moja kabla ya mtihani. Hapo aliuliza nani amekaa na Adela. Nikasema yuko kwa mama yake. Akasema, "Basi tulikuwa wawili, umerudisha mmoja."

Alifanya mtihani, akashinda, akaenda. Nafasi ya pili ilibaki tupu. Leo yuko Kabambare, mzalishaji, na mnajua jina lake maana mdogo wa mmoja wenu alizaliwa mikononi mwake. Akipita hapa hunisalimu vizuri sana, huniita Mama, na hakai muda mrefu.

Maswali ya mtihani niliyanakili nikampa dereva wa lori. Baada ya mwezi karatasi ilirudi, imekunjwa mara nne, ina harufu ya karanga. Adela alijibu yote, ameketi shambani, sijui na kalamu ya nani. Nilisahihisha kwa wino mwekundu kama inavyotakiwa. Alimpita Feza. Nilisahihisha tena, nikitumaini nimekosea. Karatasi sikumrudishia, kwa sababu sikujua ningeandika nini chini yake. Nilimtumia salamu kwamba ameshinda, na hilo peke yake lilinichukua wiki mbili.

Alizaa msichana. Karani wa pamba alihamishwa, akafunga ndoa kanisani kwingine. Adela alibaki Lusangi na jembe la mama yake, na baadaye wake za wanaume walioenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila walianza kumlipa kwa karanga na mafuta ya mawese awaandikie barua. Nimeziona barua hizo. Hakuna kosa hata moja.

Mimi nilirudi kwenye kamba. Sikuikata, sikuwa na uwezo huo. Lakini nilimwomba Mama Ursula awe shangazi wa shule. Kila mwezi tuliwaita wasichana mmoja mmoja, tukafunga mlango wa matete, tukauliza, yeye kwanza, mimi baadaye nilipopata ujasiri. Tukawaambia pia mambo ambayo shangazi zao wangewaambia, pamoja na habari za makarani waimbaji. Sista Godeliva alijifanya haoni. Sisemi hakuna aliyepata mimba tena. Walikuwako, na kanuni ikawafukuza vile vile. Lakini hakuna tena aliyefukuzwa kwa mimba ya kwenye daftari, na wawili tulijua mapema, tukawapa masomo yao yote kwenye karatasi kabla sanduku halijafungwa. Kidogo. Najua ni kidogo. Mama Ursula alipokufa, wasichana walimlilia kama shangazi wa kweli, na namba alikuwa bado hajui kusoma.

Mwaka jana, siku ya kufungua shule, nilikuwa nagawa uzi mwekundu niliposikia mtu ananiita kwa cheo cha zamani. Sikumtambua kwa macho, nilimtambua kwa kicheko. Adela alikuwa amekuja na lori kutoka Lusangi, na sanduku ni lile lile, kona moja imepigwa bati. Pembeni yake msichana wa miaka kumi na miwili, mfupi, anasoma kwa midomo maneno yaliyo ukutani. Tulizungumza habari za mama yake, za mvua, za bei ya karanga. Nilitaka kumwambia nina karatasi yake bado. Nilisema nimefurahi kumwona. Aliposikia lori linanguruma aliinuka, akamsukuma binti yake mbele yangu taratibu kwa mkono mgongoni.

"Huyu nakuachia," akasema. "Ukiona kitu, Mama, hata kitu kidogo, umuulize kwanza."

Niliahidi. Na sasa macho yamekataa, naondoka kabla ahadi haijakwisha. Anakaa benchi ya tatu, karibu na dirisha. Kwa hesabu atawashinda, msione haya. Namba yake ni thelathini na moja, lakini namba muisahau. Jina lake ni Furaha. Ile karatasi ya mama yake nimeiweka ndani ya daftari hili, ukurasa wa mwisho, mmpe siku atakayomaliza. Kabla ya siku hiyo, muulizeni.